Santuri za Wanyika na Upande wa Pili

Diwani ya mshairi huwa na mwenyewe. Yeye ndiye aliyeamua shairi lipi litangulie na lipi lifuate; na msomaji akikuta ubeti umekatwa katikati, hujua kwamba hilo ni kosa la mpiga chapa, wala hamlaumu mtunzi. Santuri ya bendi haina bahati hiyo. Mtunzi hutunga, wapigaji hupiga, kisha wimbo huingia katika mikono ya watu wengine ambao huzipima dakika zake, huukata, huliandika jina lake watakavyo, na kuupanga pamoja na nyimbo za mwaka mwingine. Sisi tunaosikiliza baadaye hukitwaa kitu hicho tukakiita albamu, tukakihukumu kana kwamba kilitoka hivyo kichwani mwa mtunzi. Makala haya yahusu santuri za Wanyika, hasa zile za Les Wanyika, na shabaha yangu ni kuonyesha kwamba uhakiki wetu umezisoma nusu nusu. Nasema "uhakiki wetu" kwa kuwa mimi mwenyewe ni mmoja wa waliokosa, na kosa hilo nitalieleza mahali pake.

Asili ya Wanyika ni Tanga. Ndugu wawili, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, waliingia katika Jamhuri Jazz Band ya mji huo mwaka 1966. Mwaka 1970 walihamia Arusha, na pamoja na ndugu yao William wakaunda Arusha Jazz. Arusha haikuwaweka sana. Mwaka 1971 walivuka mpaka wakaenda Mombasa, na huko wakajiita Simba Wanyika. Kutoka Mombasa walikwenda Nairobi. Mwaka 1978 nyumba ikagawanyika: Omar Shabani, mpiga gitaa la ridhimu ambaye watu walimwita Profesa, pamoja na Tom Malanga wa besi na Rashid Juma wa ngoma, walitoka wakaunda Les Wanyika, na John Ngereza akajiunga nao kwa sauti na gitaa. Baadaye Issa Juma, mwimbaji, akawa na Super Wanyika Stars yake.

Naomba msomaji aangalie ni akina nani waliotoka. Hawakuwa wale waliosimama mbele ya kipaza sauti. Walikuwa watu wa nyuma, wa ridhimu, wa besi na wa ngoma, ambao kazi yao katika bendi ni kama kazi ya msingi katika nyumba: hakuna mgeni anayeusifu. Les Wanyika basi ni bendi iliyoanzia chini ikapanda juu. Sauti ya kuimba iliwekwa juu ya sakafu iliyokwisha kukauka. Mtu akilisahau jambo hili, hatazielewa santuri zao, kwani atayafuata maneno peke yake na kuyaona magitaa kuwa ni mapambo ya kujazia nafasi.

Kwa nini Nairobi? Sababu ni ya biashara. Huko ndiko kulikokuwa na makampuni ya santuri na kiwanda cha kuzifyatua. Hapa kwetu bendi zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam. Wimbo uliingia katika ukanda, ukanda ukakaa maktabani, na mwananchi akausubiri redioni. Bendi iliyotaka wimbo wake ununuliwe dukani na kubebwa kwapani ilibidi itazame kaskazini. Lakini duka nalo lina sheria zake. Santuri iliyouzwa kwa wingi ilikuwa ile ndogo, ya inchi 7, izungukayo mara 45 kwa dakika, na uso wake mmoja hautoshi zaidi ya dakika nne au tano kwa sauti nzuri. Wimbo wa dansi wa Afrika Mashariki huchukua dakika nane au tisa. Dawa iliyopatikana ilikuwa kisu: wimbo ulikatwa katikati, upande mmoja ukaandikwa Sehemu ya Kwanza, na upande wa pili ukaandikwa Sehemu ya Pili. Santuri kubwa, ndizo zilizoitwa albamu, aghalabu zilikuja baadaye kukusanya zile ndogo zilizopata wanunuzi.

Hapa kuna tofauti ambayo yafaa kupimwa na mfano wa mbali. Katika mji wa Memphis, Marekani, palikuwa na bendi iliyoitwa Big Star, ya muziki ule uitwao pawapopu, yaani nyimbo fupi za magitaa yenye makali na sauti tamu zinazopatana. Santuri yao ya kwanza, #1 Record, ilitoka mwaka 1972, na ya pili, Radio City, mwaka 1974. Hazikufikishwa madukani ipasavyo na ziliuzwa kidogo. Walakini kila moja ilikuwa imepangwa na wenyewe kama kitabu, na wahakiki waliozigundua baadaye walizisoma kama kitabu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mambo ya Les Wanyika yalikuwa kinyume kabisa. Santuri zao zilinunuliwa na kupigwa katika mabaa, katika mabasi na katika arusi, toka Nairobi hadi vijiji ambavyo wapigaji wenyewe hawakupata kuviona. Lakini kitabu hazikuwa. Kwa hivi mhakiki anayekuja na kanuni za albamu ya Memphis akitafuta mpango wa nyimbo kumi, atatoka mikono mitupu na kusema kwamba hapana sanaa. Sanaa ipo, ila kipimo chake ni wimbo mmoja wenye pande mbili.

Mimi nilikulia Daudi, katika wilaya ya Mbulu, nchi ya baridi na ukungu, ambako lugha ya nyumbani ni Kiiraqw, na Kiswahili tulikipata shuleni, kanisani na dukani. Katika duka la mjomba palikuwa na redio ya kaseti iliyotumia betri, na juu ya rafu palikuwa na kaseti chache zilizonakiliwa Arusha na watu wa kazi hiyo. Kaseti moja ilikuwa na wimbo "Sina Makosa". Mnakili, ama kwa haraka ama kwa kubana nafasi, alikuwa ameuchukua upande wa kwanza tu wa santuri. Wimbo ulikwenda, sauti ikapungua kama mtu anayeondoka njiani, kukawa na mchakato wa ukanda mtupu, kisha ikaanza bendi nyingine. Sisi watoto hatukujua kwamba umekatwa. Tulidhani nyimbo huisha hivyo.

Nakumbuka siku moja ya mnada mzee mmoja aliyekuja kununua chumvi alisimama mlangoni, akasikiliza kidogo, akasema, "Mwanangu, zima kitu hicho." Mjomba akajibu kwa adabu, "Mzee, wimbo haumjui mtu." Yule mzee hakununua chumvi. Alipokwenda zake, watu waliokuwa barazani walicheka kicheko cha chini, kile ambacho watoto hawaelezwi sababu yake. Nilikuja kuielewa nilipokuwa mtu mzima.

"Sina Makosa" ni wimbo wa mwaka 1979, na katika nyimbo za dansi za Kiswahili sijui ulio na hoja iliyokazwa kuliko huu. Msemaji wake anamkabili mwanamume mwenziwe aliyepandwa na hasira hata uhai wa msemaji umo hatarini. Anajitetea kwamba ataonewa bure. Kisha anatoa ushahidi wake, nao ni wa ajabu: kwamba kila mmoja wao wawili ana wa kwake nyumbani, na yule wanayemgombania si wa huyu wala si wa yule, basi chuki ya nini? Wimbo karibu wote ni huo. Hakuna kisa kinachosimuliwa, hakuna jina la mji, hakuna siku.

Kwa miaka kadhaa niliwafundisha wanafunzi kwamba huu ni wimbo mtamu wenye maneno machache na marudio mengi, na kwamba thamani yake kwa fasihi ni ndogo. Hukumu hiyo niliitoa kwa kuitegemea kaseti ya Daudi, yaani nusu ya wimbo, na kwa kuiangalia nusu hiyo kama maneno yaliyoandikwa ubaoni. Siku mwanafunzi mmoja aliponiletea wimbo mzima, pande zote mbili zikiwa zimeunganishwa, niliona aibu, na ninaifuta hukumu hiyo hapa.

Tuanze na maneno. Mshtakiwa wa kawaida hukana tendo. Huyu hakani tendo hata mara moja. Anachokana ni haki ya mwenziwe kukasirika. Utetezi wake wote umesimama juu ya ukweli kwamba mdai naye ana mke nyumbani, yaani mdai naye ni mkosa. Kwa maneno mengine, anajitoa hatiani kwa kumwingiza mwenziwe humo, wala haoni kwamba mlango ule ule unamfungia yeye ndani. Na lugha imemnasa kwa werevu mkubwa. Kiswahili kwa kawaida hakitumii kitenzi maalumu cha kumiliki. Hutumia "kuwa na", na kwa hicho twasema mtu ana mke, ana njaa, ana ng'ombe, ana makosa. Wimbo huu wautumia mzizi huo mmoja kwa mke na kwa kosa pia. Msemaji anaye mke, makosa hana. Na huyo wa tatu hana mwenyewe. Ni hesabu ya mali, na msikilizaji hufika mwisho wake akijiuliza ni nani aliyeiidhinisha.

Kuna wanawake watatu katika wimbo huu, na hakuna hata mmoja asemaye. Wawili wako nyumbani, nao hutajwa kwa kimilikishi peke yake, kama mtu atajavyo jembe lake. Wa tatu huonyeshwa kwa mbali, kwa neno la kuashiria, basi. Sisi tuliotoka katika Kiiraqw tulilisikia jambo hili kwa namna yetu. Katika lugha yetu jina lina jinsia, na kitenzi hubadilika kwa mtendaji wa kiume na wa kike. Masikio yetu yalizoea kuambiwa mapema ni nani anayesemwa. Kiswahili hakisemi. Huyu wa tatu anapita katika wimbo bila jinsia wala jina, na nilipokuwa mtoto nilidhani kwa muda mrefu kwamba wanagombania mbuzi. Siku hizi nawaza kwamba kosa lile la kitoto halikuwa mbali na kweli. Katika nyimbo nyingine bendi hii ilipenda kumwita mwanamke kwa jina, na kumfanya jina hilo kuwa kichwa cha wimbo, kama "Paulina" na "Pamela". Katika wimbo wa mgogoro jina limeondolewa. Sidhani kwamba ni bahati tu.

Sasa tuje kwenye muziki, ambao niliusahau. Jambo la kwanza linalomshangaza msikilizaji makini ni kwamba muziki huu hauna hasira hata kidogo. Mtu mmoja anataka kuua, mwingine anaomba asiuawe, na besi ya Tom Malanga inatembea kama mtu aliyeshiba anayekwenda kuwatazama jirani zake jioni. Gitaa la ridhimu linarudia kiungo chake bila kuharakisha, na lile la solo linadondoa sauti moja moja juu yake. Kama maneno yale yangepigiwa muziki wa ghadhabu, tungemwamini msemaji, tungesema huyu kweli yumo hatarini. Utamu huu wamfanya aonekane mtu aliyekwisha kuitayarisha hotuba yake nyumbani mbele ya kioo.

Katika upande wa pili maneno mapya ni haba. Magitaa huachiwa nafasi, kisha sauti hurudi na yale yale: hasira ya nini, kila mtu ana wake, sina makosa. Nilipoyasikia mara ya kwanza niliyaona kuwa hoja. Yaliporudi baada ya magitaa niliyaona kuwa ombi. Yaliporudi tena nilianza kumwonea shaka msemaji, kwani mdai hajajibu neno, hakuna aliyemhoji, naye bado anajitetea. Mpaka hapo hakimu ni nani? Ni mchezaji aliye ukumbini, ambaye pengine amekuja na asiye wake, na anayaimba maneno hayo pamoja na bendi kwa furaha. Yule mzee wa chumvi alilijua jambo hili kabla yangu, tena kwa nusu ya wimbo tu.

Najua wenzangu wawili watatu watasema kwamba marudio ni kwa ajili ya miguu, na kwamba mimi naupa wimbo akili ambayo haukuiomba. Nakubali kwamba ni kwa ajili ya miguu. Lakini kibwagizo cha shairi la kimapokeo nacho ni kwa ajili ya koo la mghani, na hatukupata kusikia mtu akisema kwamba kibwagizo hujazia karatasi. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilichotoka mwaka 1954, aliufunga ushairi na wimbo kwa kamba moja: lisiloimbika alilikataa. Tumeishika sana sehemu ya vina na mizani ya sheria zake, na kwa hizo tumeyatupa nje maneno ya dansi kwa kuwa hayana urari. Ile sehemu ya kuimbika tumeiacha. Mkariri ambao kila unaporudi unaibadilisha maana yake ni kazi ya kishairi, uwe umeandikwa kwa wino au umepigwa kwa nyuzi.

Lakini nisije nikavuka mpaka. Si kila upande wa pili una kitu. Zipo nyimbo za Wanyika, za bendi zote tatu, ambazo upande wao wa pili ni mchezo tu, na anayezisikiliza akiwa ameketi atachoka. Hapo sina la kutetea. Tena mtu akizisikiliza santuri zao kubwa tatu mfululizo ataona kwamba mwendo wa besi ni ndugu mmoja na kwamba malalamiko ya mapenzi yamezidi. Simba Wanyika walikuwa na upana zaidi wa mambo. "Dunia Haina Wema" yatoka nje ya chumba cha wapenzi, na "Sikujua Utabadilika" ina huzuni ambayo Les Wanyika, kwa maoni yangu, hawakuifikia, kwa sababu hawakupenda kulia, walipenda kubishana.

Lugha ya nyimbo hizi imedharauliwa bila haki. Husemwa kwamba ni Kiswahili cha Nairobi, cha watu wa kuja. Tazama jina la wimbo mmoja tu wa Les Wanyika, "Kajituliza Kasuku". Hiyo "ka" ya kusimulia iliyodondosha kiambishi cha mtenda, na mtenda mwenyewe kuwekwa nyuma ya kitenzi, ni desturi ya watenzi wa pwani, haikuokotwa njiani. Watu waliolelewa Tanga walikwenda nayo Nairobi kama mtu aendavyo na kikoi chake. Lawama ya kweli iwaendee wachapishaji wa karatasi za santuri. Wimbo mwingine wa bendi hiyo umechapwa "Nilipi la Ajabu", neno moja mahali pa mawili, hata mwanafunzi wangu mmoja akaandika insha nzima juu ya kulipa deni. Nilimpa maksi kwa juhudi.

Albamu iliyokaribia kuwa kitabu katika ukoo huu ni ya Simba Wanyika, nayo ni Pepea, iliyotolewa Uholanzi mwaka 1992, ambayo ndani yake walizipiga upya nyimbo zao za zamani. Kisu cha inchi 7 kilikuwa kimekwisha kazi. Kila wimbo wapumua mpaka mwisho wake. Sauti ni safi, kila gitaa lasikika peke yake. Nami nakiri kwamba naisikiliza kwa heshima zaidi kuliko kwa mapenzi. Pengine ni masikio yangu yaliyolelewa na ukanda uliochakaa. George Kinyonga alifariki mwaka huo huo wa 1992, na Wilson akamfuata mwaka 1995, na Simba Wanyika ikawa imekwisha.

Darasani siku hizi nafanya hivi. Nawapigia wanafunzi upande wa kwanza wa "Sina Makosa", nawataka waandike hukumu kama mahakimu, kisha nakusanya karatasi. Wiki ya pili nawapigia wimbo mzima na kuwarudishia karatasi zao. Wengi huomba kalamu.

Mwaka jana nilikwenda Daudi kumwamkia mjomba. Duka lake sasa lina simu na vocha, lakini kaseti ile ameitunza ndani ya kopo la majani ya chai. Nikamwambia kwamba wimbo ule una nusu ya pili ambayo hatukupata kuisikia. Akafikiri kidogo, akaniuliza, "Na huko mwisho, mwanangu, anashinda?"

Nikamwambia, "Mjomba, nilipouacha alikuwa bado anajitetea."